Saa ya Ndoto Bila ya Kuuza Mikarafuu: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Unguja na Pemba

Msikiti wa mtaani kwetu haupiti mwezi bila ya kukutwa saa iliyosahauliwa juu ya ukingo wa mabomba ya kutawadhia. Hutangazwa baada ya sala, mwenyewe huinuka kwa haya akaenda kuichukua. Nimezitazama saa hizo kwa miaka, na aghlabu ni za mkanda wa ngozi, zile ambazo mtu anaziogopea maji. Casio ya mpira sijawahi kuiona pale. Haivuliwi, basi itasahauliwa vipi?

Naanzia bombani kwa sababu vijana wanaonijia kuuliza saa huanzia kwengine kabisa. Huja na picha kwenye simu: Rolex Submariner, Royal Oak ya Audemars Piguet, au Nautilus ya Patek Philippe. Wanauliza, "Ami, kuna inayofanana na hii kwa bei ya binadamu?" Ipo, tena zaidi ya moja. Lakini ukiichagua kwa picha tu, bila ya kufikiria jasho, chumvi na udhu mara tano kwa siku, utaishia kuiacha bombani au kuipeleka kwa fundi kabla ya Idi ya pili.

Na hizo za kwenye picha zina shida yake. Submariner ya chuma, bei yake ya dukani inazungukia dola 10,000, na hata mwenye pesa hiyo hutiwa kwenye orodha ya kungojea. Asiyeweza kungoja hununua kwa mlanguzi na kuongeza. Nautilus namba 5711 ndiyo kichekesho kabisa: Patek waliacha kuitengeneza mwaka 2021, na Desemba ya mwaka huohuo moja katika 170 za mwisho, zenye uso wa buluu ya duka la vito la Tiffany, iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.5. Bei yake ya dukani ilikuwa kama dola 52,000. Hapo hatuzungumzii tena kitu cha kujulia saa.

Hatua ya kwanza: jua ni kitu gani hasa kilichokuvutia

Chukua ile picha uitazame. Ni umbo? Ni ule ubahari wake, pete inayozunguka na namba zinazong'ara gizani? Ni ile cheni ya chuma iliyoungana na kasha kama kwamba vimefinyangwa pamoja? Au ni lile jina tu?

Kama ni jina, mwongozo huu hauna la kukusaidia. Jina halina mbadala: ama uweke akiba ulinunue, ama uliache. Njia ya tatu, yaani feki, niliipita mimi mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nilinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza mkononi, yenye taji la Rolex usoni, nikaivalia harusini kwa ndugu yangu. Wali haujaletwa, mshale wa dakika ukachomoka ukalala chini ya kioo. Watu wa meza ile wananiuliza saa ngapi mpaka leo.

Na hapa niseme jambo linalotuhusu sisi wenye jamaa Muscat. Ni kweli kwamba Sultan Qaboos alikuwa akiagiza Rolex zenye nembo ya jambia usoni na kuwapa watu zawadi. Ni kweli pia kwamba leo saa hizo zina thamani kubwa kuliko za kawaida, na kwa sababu hiyohiyo jambia la kuchapwa ni kazi nyepesi kwa mwenye kutengeneza feki. Ukionyeshwa moja barazani, na hadithi ya mjomba aliyefanya kazi kasri, sikiliza hadithi, kunywa kahawa, usitoe pesa.

Kipimo changu ni chepesi: jina lililoandikwa usoni liwe la kweli. Saa ikiwa na umbo la kuazima lakini imeandikwa jina la aliyeitengeneza, sina ugomvi nayo.

Hatua ya pili: pima mkono

Azima utepe kwa fundi cherehani, uzungushe kwenye kifundo cha mkono. Chini ya sentimita 16.5, usipande juu ya milimita 40 za upana wa kasha bila ya kuivaa kwanza. Kinachoamua zaidi ni urefu toka pembe hadi pembe, pale mkanda unapofungwa: pembe zikitokeza nje ya mkono, saa imekushinda. Tazama na unene. Mkono wa kanzu unaisamehe saa nene, mkono wa shati la ofisini wenye kifungo hauisamehi.

Wanaume wa Kiislamu tunajua msimamo wa dhahabu, kwa hiyo zile za rangi mbili, chuma na dhahabu, ziulizie kwa shekhe wako kabla hujaziulizia bei. Za chuma cheupe zinakuondolea mjadala.

Hatua ya tatu: maji, chumvi na jasho

Hapa ndipo pesa za watu wa visiwani zinapopotelea, kwa hiyo nenda nami polepole.

Nyuma ya saa huandikwa mita. Mita 30 hazina maana kwamba unazama nazo mita 30. Hicho ni kipimo cha maabara, maji yametulia na saa mpya. Kwa matumizi: mita 30 ni mvua na kunawa mikono. Mita 50 inastahimili kuogelea kidogo, lakini mimi siiamini Nungwi. Mita 100 ndipo kuogelea kunapoanza. Kwa anayepiga mbizi Mnemba au kisiwani Misali, tafuta mita 200 pamoja na ufunguo unaokazwa. Ufunguo ni kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa; kwenye saa za kuzamia kinazungushwa kikakaza kama kifuniko cha chupa. Ukiona saa imeandikwa neno la kuzamia na kipimo cha ISO 6425, imejaribiwa kwa sharti za saa za wazamiaji, na chini kabisa wanaporuhusu ni mita 100.

Kinachozuia maji ndani ni mipira midogo: mmoja chini ya mfuniko wa nyuma, mwengine kwenye ufunguo. Mpira huchoka. Joto huuchosha, sabuni huuchosha, na chumvi ikikauka huwa kama mchanga kwenye ufunguo. Saa ya mita 200 iliyofunguliwa mara tatu kutiwa betri bila ya kutazamwa mpira ni saa ya mita sifuri.

Halafu jasho. Mkanda wa ngozi hapa kwetu, ukiuvaa kila siku, hauchukui muda kabla ya kunuka na kupasuka. Uweke kwa ofisi yenye kiyoyozi na harusi. Kwa siku zote nunua cheni ya chuma, mpira, au mkanda wa nailoni unaofuliwa na kuanikwa. Nailoni ni rahisi kuliko vyote, na ukiwa na miwili ya rangi mbili watu watadhani una saa mbili.

Kuhusu udhu: maji lazima yafike kwenye ngozi chini ya saa. Cheni ya chuma yenye kifungio cha kubana ndiyo rahisi, unaifungua, inateremka, unaosha, unaifunga, haijatoka mwilini mwako. Hilo peke yake lingeokoa nusu ya saa za pale bombani.

Hatua ya nne: chagua mashine

Za betri zinakwenda sawa kuliko za springi, na hilo huwashangaza wanaodhani ghali ndiyo sahihi. Casio F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambayo bei yake haifiki dola 30, hupotea kama sekunde 30 kwa mwezi ikizidi. Saa ya springi inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, ya daraja la wastani, yenye mashine ya Seiko NH35, inaruhusiwa na kiwanda kupotea sekunde 20 nyuma au 40 mbele kwa siku moja. Mara nyingi hufanya vizuri kuliko hivyo, lakini ndivyo karatasi inavyosema.

Basi kwa nini mtu anunue ya springi? Kwa sababu ile mishale inateleza badala ya kuruka, na kwa sababu ina uhai. Sitakuficha, mimi ni mgonjwa wa hizo. Ila ziko tatu za kujua. Moja, ukiivua itasimama baada ya saa 40 na kitu. Mbili, inaogopa sumaku: ukiilaza juu ya spika au kwenye mkoba wa simu wenye sumaku, itaanza kukimbia dakika nzima mbele kwa siku. Usikubali haraka kuifungua; fundi mwenye kifaa cha kuondoshea sumaku huimaliza kwa sekunde chache. Tatu, na hii ndiyo kubwa, uliza nani ataitengeneza. Mashine za Seiko na za Miyota, ambayo ni mali ya Citizen, zimeenea dunia nzima, na NH35 nzima inaweza kununuliwa mpya ikabadilishwa badala ya kuhangaika na gurudumu moja.

Katikati yake kuna za mwanga, kama Eco-Drive za Citizen. Betri yake hujazwa na jua au taa, haifunguliwi kila miaka miwili au mitatu, kwa hiyo ile mipira haiguswi. Kwa kisiwa chenye jua kama hiki, nashangaa hazivaliwi na kila mtu. Asiyetaka mapenzi na saa, anataka saa tu, achukue hii aache kusoma.

Hatua ya tano: mbadala wenyewe

Bei nitakazotaja ni za takriban na za nje, kwa dola. Huku zitapanda kwa nauli na faida ya muuzaji.

Anayeota Submariner ana bahati kuliko wote, kwa sababu saa za kuzamia ndizo zenye mbadala wengi wa kweli. Rolex waliitoa mwaka 1953. Seiko wakatoa saa yao ya kwanza ya kuzamia mwaka 1965, kwa hiyo Mjapani katika mambo haya si mwanafunzi wa juzi.

Kwa chini ya dola 100 kuna Casio MDV-106 na ndugu yake MDV-107, wanayoiita Duro. Ni ya betri, mita 200, ufunguo wa kukazwa, pete inazunguka, na kwenye baadhi ya matoleo amechorwa nduwaro usoni. Ni pana, milimita 44, lakini pembe zake zimeinama vizuri kwenye mkono. Mkanda wake wa mpira ni mgumu. Ubadilishe, upana wake ni milimita 22. Sijui saa nyengine ya bei hiyo ambayo ningemvalisha mvuvi na bwana harusi kwa siku moja. Kwenye kiwango hichohicho iko Invicta 8926OB, milimita 40, yenye NH35 ndani, na imekaribia sana umbo la Submariner. Tatizo wameandika jina lao kwa herufi kubwa ubavuni mwa kasha. Wengine hawalioni. Mimi naliona kila nikitazama.

Ukipanda kwenye dola 200 hadi 300, umefika mahali ninapopapenda. Orient Kamasu ina kioo cha safaya, kile kisichokwaruzika hovyo, mita 200, na mashine waliyoitengeneza Orient wenyewe. Citizen Promaster NY0040 ni saa ya wazamiaji hasa, ufunguo wake umewekwa upande wa kushoto, usawa wa namba 8 ya usoni, usikuchome kiganja. Kioo chake si safaya. Seiko 5 Sports, zile za SRPD zilizotoka 2019, zina sura ya SKX007, ile saa ya kuzamia ya Seiko ya zamani ambayo wapenzi wa saa bado wanaililia, lakini sikiliza: ni mita 100 tu na ufunguo wake haukazwi. Ni saa ya kuogelea, si ya kuzamia, na wauzaji hawakwambii. Wenye mkono mwembamba watazame SRPK ya milimita 38.

Za China kama San Martin na Pagani Design hutia NH35, kioo cha safaya na pete ya kauri kwa bei ambayo Mjapani haiwezi. Umbo wameiga waziwazi, jina ni lao. Nimeishika San Martin moja ya rafiki yangu nikanyamaza, kwa jinsi cheni yake ilivyokamilika.

Anayeota Royal Oak au Nautilus, ajue kwanza kwamba mchoraji wa zote mbili ni mmoja, Gérald Genta. Ya kwanza ilitoka 1972, pembe nane na skrubu nane, ikauzwa faranga 3,300 za Uswisi, watu wakaona ni wazimu kwa saa ya chuma. Ya pili ikafuata 1976. Mtindo ukaenea, na Tissot nao wakatoa yao mwaka 1978. Hiyo ndiyo waliyoirudisha 2021 kwa jina la PRX, kwa hiyo anayekwambia PRX ni mwigo wa jana, mwambie asome. Ya betri ni kama dola 400. Ya springi, Powermatic 80, inazungukia dola 700 na hukaa saa 80 bila ya kuvaliwa: unaivua Ijumaa usiku, Jumatatu asubuhi bado inakwenda. Zote ni mita 100 na kioo cha safaya. Iko ya milimita 40 na ya 35, na hii ndogo nimeiona kwa bibi harusi mmoja ikikaa na hina utadhani vimeagizwa pamoja. Chini ya hapo kuna Citizen Tsuyosa, milimita 40, ya springi, rangi za uso nzuri mno. Lakini ni mita 50. Kwa udhu sawa, kwa bahari ivue.

Na kuna Casio GA-2100 ya mwaka 2019, pembe nane kama Royal Oak, mita 200, gramu 51, kama dola 100. Kwa anayepanda mikarafuu Pemba au anayefunga mwani Paje, huyu ndiye. Saa ya springi haipendi kugongwa kwenye matawi kutwa.

Moja ya kando, si mbadala wa saa yoyote: Seiko 5 namba SNKP21, yenye tarakimu za Kiarabu usoni. Haikazwi wala haijazwi kwa mkono, inataka kutikiswa tu. Kwa kanzu na kofia ya kiua, sioni cha kuishinda kwa bei yake.

Hatua ya sita: kununua bila ya kupigwa

Darajani utapata za kila namna, za kweli na za uongo kwenye meza moja, na muuzaji mwengine mwenyewe hajui ipi ni ipi. Njia ninayoiamini ni kumuagizia jamaa anayetoka Dubai au Muscat, kwa namba kamili ya saa, si kwa jina tu. "Niletee Seiko" ni ombi la kuletewa chochote. Mwambie aombe risiti na kadi ya dhamana yenye muhuri wa duka. Za Ghuba mara nyingi siku huandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Si dalili ya ubaya.

Ukikagua mwenyewe, chukua kioo cha kukuzia. Maandishi ya usoni yawe makali, yasiwe yamemwagika. Zungusha pete: ya kuzamia inakwenda upande mmoja tu, kinyume na mishale. Kwenye Seiko tazama namba ya nyuma: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka iliyotengenezwa, ya pili ni mwezi, na Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa 0, N na D. Inayoanza na 46 ni ya Juni ya mwaka unaoishia na 4. Muuzaji akisema ni mpya ya mwezi uliopita, hesabuni pamoja. Kwenye F-91W bana kitufe cha kulia kwa sekunde tatu, itaandika CASIo. Isipoandika, irudishe mezani.

Jihadhari na Seiko 5 kuukuu zenye uso wa rangi kali, machungwa na kijani, zinazong'aa kuliko umri wake. Nyingi zimepakwa rangi upya India, na ndani ni vipande vya saa tatu tofauti.

Hatua ya saba: kuitunza

Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi ya bomba, uikaushe. Ukienda kubadilisha betri, mwambie fundi kabla hajaifungua: "Mzee, na mpira naomba utazame." Akiutia mafuta ya silikoni kidogo, umempata fundi. Saa ya kuzamia, muulize pia kama anacho cha kupimia mgandamizo, na kama hana, usizame nayo tena mpaka ipimwe.

Na ufunguo, ndugu yangu, ukaze. Saa yangu ya kwanza ya kuzamia niliirekebisha tarehe asubuhi, nikasahau kukaza, jioni nikaruka nayo na vijana pale Forodhani. Nilipoipeleka kwa fundi, mzee aliigeuza kwenye mwanga mara moja tu. "Mwanangu, hii imekunywa," akasema, akaiweka mezani bila ya kuifungua.

La mwisho, kwa mwenye saa ya pete. Igeuze mpaka ile pembetatu ikae kwenye sita. Sasa usome mshale wa saa kwenye pete badala ya usoni: namba 5 ni saa moja, 10 ni saa mbili, 30 ni saa sita, dakika zinabaki palepale. Bibi yangu, ambaye maisha yake yote hakukubali kwamba kukicha ni saa kumi na mbili halafu saa iandike sita, angeisoma hiyo bila ya kuuliza mtu.